Goti la kaka lina shimo, goti la mjomba limesagika: gegedu la maabara linamfaa nani?

BintiLangoni (mwenye uzi)

Salaam aleikum wanabaraza. Vuteni mikeka, uzi huu hauishi kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Kwetu kuna magoti mawili mabovu ndani ya nyumba moja. La kwanza ni la kaka yangu, miaka 26. Alilipinda akicheza mpira ufuoni Shela, hapa Lamu, maji yalipokupwa. Likavimba, likapoa, na sasa kila akipanda ngazi linakwama na kulia "ka". La pili ni la mjomba, miaka 67, nahodha mstaafu. Lake halikupindwa na mtu, limekwenda kidogo kidogo mwaka hata mwaka, na tangu Ramadhani iliyopita anaswalia kitini.

Wiki iliyopita wote wawili walitumiwa tangazo moja kwenye WhatsApp: sindano ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine), gegedu jipya, hakuna kupasuliwa. Mjomba alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Mwaka jana alishakwenda kliniki moja (jina kalificha mwenyewe, nami namfichia), akadungwa magoti yote mawili, shilingi elfu sitini zikaenda, goti likabaki lile lile. Kaka ndiye aliyenigeukia: "Wewe si ulikuwa ukifuga hizo seli huko Ulaya? Kweli au si kweli?"

Nilizifuga, miaka miwili, katika maabara ya chuo. Jibu langu ni hili: goti la kaka huenda likasaidika, ila si kwa sindano. La mjomba, kwa sasa, hapana. Nataka mjue kwa nini, maana wenye matangazo wanayachanganya magoti haya mawili makusudi.

Kwanza nendeni buchani. Nunueni mguu wa mbuzi wenye goti lake, mwambieni mwenye bucha asiupige shoka. Ufungueni kwa kisu polepole. Utatoka ute unaovutika baina ya vidole kama ute wa yai. Kisha mtaona kichwa cha mfupa kimevikwa kitu cheupe, samawati kwa mbali, kinang'aa kama ndani ya chaza. Hilo ndilo gegedu. Pitisha kidole, kinateleza. Bonyeza kwa ukucha, linabonyea kisha linarudi. Lichanje kwa wembe, halitoi damu hata tone.

Hapo kwenye tone la damu ndipo kesi yote ilipo. Ukijikata kidole, damu huja, huganda, seli za kutengeneza hufuata njia ile ile ya damu. Gegedu halina mshipa wa damu wala neva. Seli zake ni chache mno, asilimia chache tu ya ujazo wake, na kila moja imefungiwa katika kijichumba kisicho na mlango. Hakuna anayeweza kutoka kwenda kumsaidia jirani. Chakula zinakipata kwenye ule ute: ukikanyaga, maji yanakamuliwa nje, ukiinua mguu, yanafyonzwa ndani na virutubisho vyake. Kwenye goti la binadamu unene wa gegedu ni kama milimita 2 hadi 4, na sehemu kubwa, kati ya asilimia 65 na 80, ni maji. Yaliyobaki ni nyuzi za kolajeni zilizosukwa, na molekyuli kubwa zinazong'ang'ania maji kama sponji. Kamba zinazuia, sponji inavimba, na mvutano huo ndio unaobeba mwili wako mara mbili tatu ya uzito wake kila unapopiga hatua.

Daktari William Hunter aliandika London mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na akasema hilo linajulikana tangu enzi za Wayunani. Karibu miaka 280 baadaye bado tunahangaika naye.

Naendelea baada ya isha. Mwenye swali aulize.

---

Kaskazi_Mkomani

Sasa kama halina neva, kwa nini linauma vile? Mimi langu likianza usiku nalala nimelikumbatia.

---

BintiLangoni

Gegedu lenyewe haliumi. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, na ngozi nyembamba iliyozunguka kiungo, ambavyo vina neva tele. Ndiyo maana shimo laweza kukaa miaka bila mtu kujua, mpaka lifike mfupani.

---

MpishiWaHarusi

Na supu ya makongoro? Marehemu bibi alikuwa akituambia hujenga ute wa magoti. Alikufa na miaka tisini akipanda ngazi za dari peke yake.

---

BintiLangoni

Mungu amrehemu. Supu ninaipenda, na pilipili na ndimu iwe nyingi. Lakini ile nata inayokufunga midomo ni kolajeni iliyopikwa ikavunjika, na tumbo huimaliza kuivunja vipande vidogo kabisa. Hakuna kipande kinachosafiri hadi gotini na kujishona pale. Bibi alikuwa na magoti mazuri na alipenda supu. Hayo ni mambo mawili.

---

MpishiWaHarusi

Umeniharibia biashara.

---

BintiLangoni

(Naendelea.) Kabla ya maabara, madaktari walikuwa na njia mbili ambazo mtu wa Lamu anazielewa bila picha.

Ya kwanza ni kalafati. Richard Steadman, daktari wa Marekani, miaka ya 1980 alianza kusafisha shimo la gegedu kisha akatoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ulio chini, milimita chache chache. Mfupa, tofauti na gegedu, una damu. Damu ya uboho inapanda, inajaza shimo, inaganda, inakuwa kovu gumu. Linaziba. Ila kovu hilo si gegedu la asili, ni nyuzi za aina nyingine, ile kolajeni ya kwenye makovu na kano. Kama pamba ya kalafati baina ya mbao: maji hayaingii, lakini usiseme umepata mbao. Watu hupata nafuu, na kwa wengi nafuu hupungua baada ya miaka michache, hasa shimo likiwa kubwa.

Ya pili ni kiraka. László Hangody wa Hungaria alianza mwaka 1992 kuchomoa vijiti vidogo vya mfupa na gegedu juu yake kutoka pembeni mwa goti pasipobeba uzito, akavipandikiza kwenye shimo kimoja kimoja kama vigae. Gegedu ni la kweli. Taabu ni kwamba unaiba huku kuziba kule, na pembeni mwa goti si shamba, mavuno yake ni machache.

---

FundiMatondoni

Dada, kalafati umeionea. Kalafati ikipigwa na mwenye mkono, jahazi laenda Zanzibar na kurudi. Inayotoka ni ya mvivu.

---

BintiLangoni

Nimekubali, fundi. Ila hata ya mwenye mkono kila mwaka mnaipandisha jahazi na kuirudia, si ndiyo?

---

FundiMatondoni

Hapo umenishika.

---

BintiLangoni

Basi wakaja Waswidi. Mwaka 1987 huko Gothenburg walifanya kitu ambacho Hunter asingekiamini. Walichukua punje za gegedu zima la mgonjwa mwenyewe, wakaziyeyusha kwa vimeng'enya ili zile seli zifunguliwe vyumbani mwao, wakazilisha chomboni zikazaana mara nyingi, kisha wakamfungua mgonjwa tena na kuzimimina shimoni chini ya kifuniko cha ngozi ya mfupa kilichoshonwa pembeni kama kiraka cha tanga. Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao walichapisha matokeo mwaka 1994: wagonjwa 23. Kwa walioharibika upande wa mfupa wa paja, 14 kati ya 16 waliendelea vizuri. Kwa walioharibika nyuma ya kile kifuniko cha goti, 2 tu kati ya 7. Kumbukeni tofauti hiyo. Mbegu moja, mashamba mawili, na mbegu haikuota sawa.

Sasa niwasimulie nilichokiona kwa macho yangu, maana hapa ndipo matangazo hukimbia.

Seli ya gegedu ndani ya nyumba yake ni duara kama punje ya mtama. Ukiimimina kwenye sahani ya plastiki, siku ya pili inajibandika, inajilaza, inatoa mikono. Ukichungulia kwenye hadubini wiki ya pili unaona kundi la vitu vyembamba kama dagaa kwenye mkeka. Zinazaana vizuri, unafurahi. Ukizipima, zimesahau kazi. Zimeacha kutengeneza kolajeni ya gegedu na zinatengeneza ile ya makovu. Umepata mamilioni ya seli ambazo zamani zilikuwa za gegedu. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilidhani nimezichafua, nikazitupa, nikaanza upya, zikafanya vile vile. Mwalimu wangu akanicheka.

Dawa yake ilikwisha kujulikana tangu mwaka 1982: zitoe kwenye sahani, zining'inize ndani ya jeli ya agarosi, zisiwe na pa kujibandika. Zinarudi duara na kuikumbuka kazi. Agarosi hutoka kwenye mwani mwekundu. Ndiyo, mwani.

---

Ukulima_wa_Bahari

Ule wanaolima akina mama Zanzibar na Kibuyuni?

---

BintiLangoni

Ule hasa hutoa karajini, inayotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Binamu yake, si yeye. Agarosi ni ya mwani mwekundu wa jamii nyingine. Na mwani wa rangi ya kahawia hutoa alginati, nayo inatumika kwenye kazi hii. Hata maganda ya kamba na kaa yana lake: hutolewa kitu kinaitwa kitosani, Wakanada wakakichanganya na damu ya mgonjwa na kukimwaga juu ya vitundu vya Steadman ili damu iliyoganda isinywee na kubanduka. Bahari yote imo humu.

Kwa hiyo ufundi wa tishu una mambo matatu: seli, kiunzi cha kuzishikilia, na maelekezo ya kuziambia zifanye nini. Mwaka 1993 Robert Langer na Joseph Vacanti waliandika makala iliyoupa uwanja huu sura yake, na tangu hapo kila maabara ina kiunzi chake. Kiunzi kizuri kifikirieni kama dema la kutegea samaki: matundu yawe makubwa kiasi seli ziingie na chakula kipite, lakini kishike umbo. Kisha kiwe cha kuoza chenyewe pole pole, kwa mwendo ule ule ambao gegedu jipya linakua. Kikioza upesi shimo linabomoka, kikichelewa kinazuia. Maelekezo ni protini za ukuaji, na pia kubonyezwa. Seli za gegedu zisipobonyezwa zinakuwa legelege. Tulikuwa na mashine inayozikanyaga saa kadhaa kwa siku, taratibu, kama mtu anayetembea. Niliipenda mashine ile kuliko wenzangu wengine.

---

Mpwani_Mtoro

Na yule panya mwenye sikio la mtu mgongoni? Picha yake haifi, kila mwaka inarudi WhatsApp.

---

BintiLangoni

Ni picha ya kweli, maelezo yanayoandamana nayo ndiyo ya uongo. Ni kazi ya akina Vacanti, ilichapishwa mwaka 1997. Kiunzi kilifinyangwa umbo la sikio, kikapandwa seli za gegedu la ng'ombe, kikawekwa chini ya ngozi ya panya asiye na kinga ya mwili ili asikikatae. Panya alikuwa kama chungu cha maua tu. Sikio halikusikia kitu wala halikuwekwa kwa mtu.

Kwa goti kazi ni ngumu zaidi. Sikio halikanyagwi.

---

BintiLangoni

Tuje kwenye inayotumika leo. Ile ya Waswidi ilipata kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 1997. Kushona kifuniko ilikuwa taabu na mara nyingine kilinenepa, kwa hiyo kizazi kilichofuata kinapandisha seli za mgonjwa juu ya utando mwembamba, unakatwa kwa umbo la shimo na kubandikwa kwa gundi ya protini za damu. FDA iliupitisha Desemba 2016. Ulipopimwa dhidi ya vile vitundu kwa wagonjwa 144 wenye mashimo ya sentimita mraba 3 na zaidi, baada ya miaka miwili waliobandikwa utando walikuwa na maumivu machache na goti lenye kazi bora. Uingereza nao mwaka 2017 walikubali hospitali za umma zitumie seli hizi, kwa masharti: shimo lizidi sentimita mraba 2, goti liwe halijafanyiwa ukarabati wa gegedu kabla, na uchakavu uwe mdogo sana.

Soma tena hayo masharti. Hilo ni goti la kaka. Si goti la mjomba.

Na jambo moja zaidi ambalo siwezi kulificha hapa Lamu. Utando ule ni kolajeni ya nguruwe.

---

Kaskazi_Mkomani

Astaghfirullah. Ungelianza na hilo.

---

Mwana_wa_Pate

Kwisha. Uzi ufungwe.

---

Ustadh_wa_Jioni

Usifungwe. Wanavyuoni wamelizungumza kabla hatujazaliwa. Kuna wanaosema kitu kikigeuka dhati yake hukumu yake hugeuka, hiyo ndiyo istihala. Sisi Mashafii mlango huo kwetu ni mwembamba, hata ngozi ya nguruwe kuitia dabaghi, dawa ya kusafishia ngozi, hakutaitwaharisha. Mlango wa darura, yaani haja isiyo na budi, ni mwingine, lakini una sharti: pasiwe na badala. Kwa hiyo dada, kabla hatujajibu, tujibu wewe: badala ipo?

---

BintiLangoni

Ahsante ustadh, hilo ndilo swali lililonikosesha usingizi kwa ajili ya kaka.

Ipo. Kuna ya Wajerumani, ilipata kibali cha Ulaya nzima mwaka 2017: seli za mgonjwa zinaachwa zijikusanye zenyewe ziwe vipira vidogo, kama tembe za ubuyu, hazina kiunzi cha mnyama yeyote. Vipira vinawekwa shimoni, vinajishika vyenyewe kwa dakika chache na kuenea. Kuna viunzi vya asidi ya hailuroniki, ambayo hata kwenye ute wa goti lako imo. Kuna kolajeni ya ng'ombe. Na chakula cha seli, ambacho kwa kawaida kina majimaji ya damu ya ndama, maabara kadhaa hutumia damu ya mgonjwa mwenyewe.

---

Mwana_wa_Pate

Na huyo ng'ombe kachinjwa vipi?

---

Ustadh_wa_Jioni

Haya, polepole. Kama badala ipo na inafikika, basi swali limejijibu. Kama ipo Ujerumani na kaka yuko Langoni hana nauli, hapo tukae tena. Aje msikitini tuzungumze, si kwenye simu.

---

Bi_Kanga_Moja

Mimi nasoma kimya tangu jana. Swali: kwa nini wachukue seli kwenye goti lenyewe? Si wanatoboa goti zima ili waponye goti bovu?

---

BintiLangoni

Bi, umeuliza swali la watu wa Basel, Uswisi. Wao wakasema, tuchukue puani. Ukuta wa kati wa pua ni gegedu. Kipande kidogo tu, kwa ganzi ya pale pale. Seli za pua zinazaana kwa nguvu, hazichoki kwa umri kama za goti, na ukizipeleka gotini zinajifunza tabia za goti. Ivan Martin na wenzake walichapisha mwaka 2016 wagonjwa 10 wa kwanza: gegedu la pua lililooteshwa maabara, sentimita 3 kwa 4, unene milimita 2, likapandikizwa gotini. Miaka miwili baadaye wagonjwa walisema wanaendelea vyema. Mwaka 2021 wakalijaribu kwenye magoti yenye uchakavu hasa, lakini watu 2 tu. Wawili hawatoshi kumwambia mjomba auze boti.

Wenye vipini msihofu, hukatwa ndani, pambo lako halisogei.

---

Bi_Kanga_Moja

Mume wangu anakoroma. Hilo la pua yake wasilitie gotini, litakoroma mchana.

---

NahodhaMstaafu_

Mwanangu, mimi si huyo mjombako lakini ni wa rika lake. Miaka arubaini ndiani, Lamu hadi Kismayu, Lamu hadi Mombasa. Yeo nikiteremka botini Mokowe vijana wanishika mkono kama bibi harusi. Goti lina mai, lavutwa, larudi. Umesema habari za watu wa ishirini na sita. Sisi je? Hizo seli shina hazitufai kabisa?

---

BintiLangoni

Shikamoo baba.

Nakuambia bila kukuzungusha. Shimo ni kama tundu kwenye ukuta mzima, lina kingo nzuri pembeni za kukushikia kiraka. Goti lililosagika halina kingo. Gegedu limekonda kila mahali, mfupa wa chini umekuwa mgumu, umeota vijipembe, ute umejaa kemikali za uvimbe zinazokula hata gegedu jipya utakalolileta. Ukipanda mche ndani ya maji ya chumvi, kosa si la mche.

Sindano za seli shina ni hadithi tofauti. Seli zinazomiminwa tu ndani ya goti nyingi hazikai, na zinazokaa hakuna aliyeziambia ziwe gegedu. Wapo wanaosikia nafuu ya maumivu kwa muda, sikatai. Lakini hakuna sindano ya seli shina ambayo FDA imeipa kibali kwa goti lililosagika. Korea Kusini kuna bidhaa ya seli za damu ya kitovu tangu mwaka 2012, na wauzaji wa huku hupenda kuitaja. Hawasemi kwamba ile haidungwi: goti hufunguliwa, mashimo huchongwa, jeli hujazwa kwa mkono. Ni upasuaji.

Kwa rika lenu, kinachofanya kazi ni kilekile kisicho na tangazo: misuli ya paja iwe na nguvu, uzito upungue kama umezidi, dawa ya maumivu kwa kipimo cha daktari, na likifika mwisho, goti la chuma na plastiki. Hilo si la kuoteshwa, ni la kutengenezwa kiwandani, lakini limewarudisha wengi barabarani. Kupiga magoti chini juu yake kwa wengi kunabaki kugumu. Hilo waulize mapema kabla ya kutia saini, si baada.

---

NahodhaMstaafu_

Marahaba. Umenambia kweli na sikukasirika. Walonidunga walinambia nitaruka.

---

FundiMatondoni

Dada, mbona hukutaja matumbawe? Mpwa wangu kaniletea habari kwamba kuna goti la matumbawe.

---

BintiLangoni

Nilikuwa naliweka la mwisho, umelichomoa. Ni kweli. Waisraeli walitengeneza kizibo kutoka kwenye matumbawe, madini yake ni yale yale ya ukuta wa nyumba zetu, kalisi kaboneti. Kina matundu mengi yaliyoungana, mfupa unaingia na kukitafuna pole pole na kuweka mfupa wake mahali pake, na juu yake gegedu linaota. Hakina seli yoyote, kwa hiyo hakuna kungoja wiki za maabara. FDA ilikipitisha Machi 2022 baada ya jaribio la wagonjwa 251. Kinachonivutia ni kwamba kimeruhusiwa hata kwa goti lenye uchakavu mdogo hadi wa wastani. Ndicho cha kwanza katika orodha yangu kinachousogelea mlango wa mjomba. Kusogelea, sijasema kuingia. Uchakavu mkubwa umekatazwa.

Na tafadhali mtu asikwangue ukuta wa nyumba yake akajipaka.

---

MpishiWaHarusi

Umechelewa, nimeshakwangua.

---

Kaskazi_Mkomani

Turudi kwa kaka. Ameshapigwa eksirei? Mimi niliambiwa eksirei yangu ni safi na goti bado bovu.

---

BintiLangoni

Eksirei haioni gegedu. Inaona mifupa, na nafasi iliyo katikati. Nafasi ikiwa imebana unajua gegedu limekwenda, lakini shimo dogo ndani ya gegedu zima linapita bila kuonekana. Kinachotakiwa ni MRI, picha inayopigwa kwa sumaku. Na MRI itaangalia pia ile mito miwili ya goti yenye umbo la mwezi mwandamo, maana kukwama na kulia "ka" mara nyingi ni mto uliochanika, si gegedu. Ikiwa ni hivyo nusu ya uzi huu haumhusu, nami nitaomba radhi.

Amekwenda Mombasa juzi kwa basi la Mokowe. Anarudi leo jioni, nitawaletea habari.

---

Mwana_wa_Pate

Tunangoja. Na mimi nilisema uzi ufungwe, nisameheni.

---

BintiLangoni

Karudi. Goti limempa taabu njia nzima, kakaa siti ya nyuma kanyoosha mguu kwenye magunia ya mtu.

Karatasi ya majibu inasema: shimo moja kwenye gegedu la mfupa wa paja, upande wa ndani, milimita 18 kwa 14, linafika mfupani. Mito yote mizima. Kano zote nzima. Nimepiga hesabu mara tatu, ni kama sentimita mraba 2 na nusu. Upande ule ule wa wale 14 kati ya 16.

Daktari kamwambia asipige mpira, aanze mazoezi ya paja, arudi baada ya wiki sita na picha zenyewe ili waangalie kama vitundu vya Steadman vinamtosha au atafute njia ya mbali. Kaka kaniambia ya mbali tutaizungumza yeye, mimi na ustadh. Mjomba kasikiliza yote toka kitini kwake, kisha kauliza, "Hiyo pua, wanachukua kubwa kiasi gani?"

Tatizo ni kwamba picha zote wamempa kwenye CD, na nyumbani hakuna kompyuta yenye tundu la CD. Nani anayo, Langoni au Mkomani?

---

FundiMatondoni

Ya mpwa wangu ipo, ya zamani lakini yasoma. Iko Langoni kwa dadangu, nyuma ya duka la nyavu. Njoo baada ya isha, na umlete mjomba, kuna kiti.